Nyama ya Msamaha

Kila Desemba, watu wa Rombo waliotawanyika mijini walipopanda mlimani kwa ajili ya Krismasi na mbuzi wakachinjwa katika kila kihamba, shamba la migomba la nyumbani, Sajini Wenseslaus Tarimo alikaa katikati ya shemeji zake na sahani ya ndizi tupu. Shemeji hawakumwacha.

"Afande anafunga Kwaresima," mmoja alisema, "ila kalenda yake imechanganyikiwa."

"Siyo kufunga," mwingine akamjibu. "Mbuzi huyu alikuwa shahidi wake."

Wakacheka, naye akacheka nao kidogo, cheko la mtu anayelipa ushuru. Mkewe Margareta alimwongezea maharage, kisha akauliza kwa sauti nani ameona kofia ya Baba Paroko siku ile, na mazungumzo yakageukia huko. Margareta alikuwa anajua. Mumewe alikuwa amemsimulia mara moja tu, na hakurudia.

Hakuwa mtu wa ajabu. Alizaliwa Rombo, akasoma hadi pale wazazi wake walipoweza kumfikisha, akaingia polisi mwaka uliofuata Uhuru, kijana mwembamba ambaye kaptula ya serikali ilimpwaya kiunoni. Miaka yake ya kwanza aliitumia mpakani Holili akipekua magunia ya kahawa iliyokuwa ikivushwa kwenda Kenya chini ya mahindi. Waongo wa Holili walikuwa watu wachangamfu. Ukimkamata mmoja na gunia, alikuuliza habari za nyumbani, akakueleza kwamba magunia yamebadilishana yenyewe njiani, mkacheka wote wawili mkielekea mahabusu. Wenseslaus aliwapenda.

Alipohamishiwa upelelezi, Moshi mjini, alikutana na uongo wa namna nyingine. Mwizi wa kahawa akipita usiku, asubuhi kijiji kizima kimemwona, na rangi ya shati lake inajulikana. Lakini mwanamke akiuawa ndani ya nyumba yake, majirani waliopakana naye kwa migomba mitatu walikuwa wamelala mapema, wote, siku hiyo hiyo. Na walikuambia hivyo kwa upole, kwa heshima, huku wakikusogezea kata ya mbege, pombe ya ndizi.

Mwaka wa sabini na tatu, Jumatatu moja asubuhi, aliingia kituoni mzee aliyevaa koti la sufu lenye beji ya Chama kifuani. Aliitwa Melkior, balozi wa nyumba kumi katika kijiji kimoja juu ya Himo. Alivua kofia, akaomba kibali cha kuzika.

"Ni ajali, Ndugu Sajini. Mke wa kijana wetu Emilian, anaitwa Leonia. Ameanguka mfongoni na mzigo wa majani ya ng'ombe. Tungekuwa tumeshazika jana, lakini Padri amekataa bila karatasi yenu."

"Mfongo wenyewe una kina gani?"

"Wa kawaida tu." Melkior alionyesha kwa mkono chini kidogo ya goti lake. "Lakini mawe ni mengi."

Mfereji wa maji ulioishia gotini. Wenseslaus alimwita Konstebo Gidioni, dereva wake, kijana wa Singida aliyependa utani na chakula kwa kiasi kilekile, wakamchukua balozi kwenye Landrova wakapanda kuuleta mwili.

Daktari wa hospitali aliwapa majibu jioni, akiwa anakausha mikono. Mapafu ya marehemu hayakuwa na maji. Nyuma ya kichwa kulikuwa na pigo la kitu kizito, na jiwe la mfongoni halimpigi mtu mara tatu mahali pamoja. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika hapa, daktari akajigusa chini ya kiwiko, mahali mtu anapouinua kujikinga. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Na huu si mvunjiko wake wa kwanza. Kuna wa zamani umeungana vibaya."

Wenseslaus alimtazama Leonia usoni kabla hawajamfunika. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na kitu, na katika nywele zake kulikuwa kumebaki majani machache makavu ambayo mtu fulani alikuwa ameyachomeka kwa makusudi ili yamfanye aonekane alikuwa amebeba mzigo. Yalichomekwa kwa uangalifu, kama maua. Hilo ndilo lililomtia kinyaa kwanza. Aliweza kufikiria hasira iliyomwua. Mkono uliokaa baadaye ukimpamba kwa ajili ya uongo, huo hakuweza kuufikiria bila mate kumjaa mdomoni.

Kesho yake walipanda tena. Nyumba ya Emilian ilikuwa safi mno. Msibani watu hawafagii kwa raha, lakini sakafu ya chumba cha moto ilikuwa imekandikwa upya kwa udongo na samadi mbichi ya ng'ombe, na bado ilinuka. Mama mzazi wa Emilian, Tereza, mwanamke mnene aliyevaa rozari shingoni, alisimama mlangoni.

"Nani amekandika hapa, mama?"

"Mimi. Wageni wanakuja. Waje wakute vumbi?"

Wenseslaus alipiga magoti, akakwangua kwa kisu karibu na mafiga. Chini ya tabaka jipya udongo ulikuwa mweusi, umeganda, na inzi wawili waliokuwa ukutani walishuka kabla hajamaliza. Alikusanya ule udongo kwenye karatasi.

"Hiyo ni damu ya mbuzi, ya supu ya kisusio," Tereza alisema, bila kuulizwa. "Tulichinja wiki iliyopita, kibuyu kikamwagika. Wewe ni mtoto wa mlima, unajua kisusio. Au mjini mmeacha kunywa?"

"Nani alikimwaga?"

"Marehemu. Alikuwa hana mikono ya kushika kitu." Akafanya ishara ya msalaba. "Mungu amrehemu."

Udongo ungepelekwa kwa Mkemia wa Serikali, Dar es Salaam, na ungekaa huko mpaka mvua mbili zipite. Mpaka hapo damu ya Leonia ingebaki kuwa damu ya mbuzi.

Emilian alikaa barazani, amenyoa vizuri, kijana mwenye macho mekundu ambayo yangeweza kuwa ya kilio au ya pombe. Maelezo yake yalikuwa mafupi na hayakuwa na kona. Jumamosi jioni mkewe alikwenda kukata majani. Watoto wao wawili walikuwa kwa Tereza, yeye alilala mapema. Jumapili alfajiri hakumwona, akadhani ametangulia kanisani. Alikwenda misa ya kwanza, Padri alimwona, watu wote walimwona, komunyo alipokea. Aliporudi ndipo alipomtafuta, akamkuta mfongoni.

"Hukumtafuta usiku?"

"Mwanamke akichelewa, afande, unamtafuta au unamsubiri?" Alitabasamu kidogo, kama mtu anayekonyeza mwenzake. "Na wewe una mke."

Majirani walikuwa wamelala. Mmoja alikuwa na masikio mabovu. Mwingine siku hiyo alikuwa Kahe kwenye shamba la mpunga, ingawa mkewe, aliyekuwa anaitikia kwa kichwa nyuma yake, alisahau na kusema walikula pamoja Jumamosi jioni. Wote walimkaribisha Wenseslaus mbege. Aliinywa kwa adabu, maana polisi anayekataa kata ya mbege mlimani haambiwi hata jina la njia. Kila kata ilikuwa tamu, na kila moja ilimshuka kama maji yaliyooshewa vyombo.

Mkuu wake alimwambia wazi. Daktari amesema ameuawa, vizuri, lakini hakusema na nani. Mume ana misa na ana mama. Bila mtu mmoja wa kusimama na kusema, faili litakaa, na faili likikaa linageuka ajali. Wenseslaus alijua hivyo kabla ya kuambiwa. Alikwisha kuona mafaili matatu ya namna hiyo yakizeeka kabatini.

Akabakiwa na wazazi wa Leonia, ng'ambo ya korongo.

Mzee Januari, baba wa marehemu, aliwapokea uani. Melkior alikuwa ameshafika. Kila nyumba waliyoingia wiki ile, balozi aliwatangulia au aliwafuata, na beji yake ilikuwa inang'aa. Wenseslaus aliinama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmetembea sana kwa ajili ya mtoto wetu." Januari alikuwa mzee mpole, mwenye mikono mirefu asiyojua aiweke wapi. "Mle kwanza. Huwezi kuuliza watu maneno mazito na tumbo tupu."

Walikuwa hawajala tangu asubuhi. Ililetwa nyama ya mbuzi iliyochemshwa na ndizi, na vipande vilivyokaushwa moshini juu ya jani la mgomba. Gidioni alinawa haraka kama mtu aliyeitwa kazini. Wenseslaus alichukua ubavu, akala, na kwa kweli ulikuwa mtamu. Alimeza kipande cha pili. Alikuwa na cha tatu mkononi alipomwuliza Januari, kwa ajili tu ya kuanzisha mazungumzo, kama mbuzi amechinjwa kwa ajili ya matanga.

Januari alimtazama Melkior.

"Kula, Ndugu Sajini," Melkior alisema. "Ni nyama ya amani."

Ndipo Wenseslaus alipoinua macho. Juu ya mlango, kwenye fito za paa, lilikuwa limechomekwa jani refu la kijani, limefungwa fundo katikati. Lilikuwa limeanza kusinyaa nchani.

Mtu asiyetoka mlimani angelipita bila kuligeukia. Isale ni mmea wa kawaida, unapandwa mipakani mwa vihamba vyote. Lakini Mchagga aliyemkosea mwenzake huchuma jani lake, akalifunga fundo, akalituma kwa aliyekosewa kwa mkono wa mtu wa kati. Aliyeletewa isale hatakiwi kukataa. Likishapokelewa, mbuzi akaletwa na watu wakala pamoja, ugomvi umezikwa, na atakayeufukua anakuwa yeye mwenye kosa. Wenseslaus alikuwa ameliona likipatanisha ndugu waliogombea mpaka, na watoto waliowatukana baba zao. Alilipenda tangu utotoni. Alidhani ndilo jambo safi kuliko yote waliyoachiwa na wazee.

"Nani ameleta hilo?"

"Hayo ni mambo ya ukoo," Melkior alisema.

"Isale haliletwi kwa ajali, mzee. Mtu akianguka mfongoni, nani anaomba msamaha? Mfongo?"

Gidioni aliacha kutafuna, akawatazama mmoja mmoja. Melkior hakukasirika. Alisogeza jani la nyama karibu na magoti ya Wenseslaus, taratibu, kama anayemlisha mgonjwa.

"Wewe ni mtoto wa mlima," alisema. "Unajua lilivyo. Na mbuzi wake umekula. Mafuta yako mdomoni. Aliyekula amekubali, au wewe ulifundishwaje kwenu?"

Januari alikuwa ameinamisha kichwa. Kijana Emilian alikuwa amemwua binti yake, na huyu mzee alikuwa anajua tangu siku ya kwanza, na alikuwa ameketi mezani na kulipwa kwa nyama. Sasa na polisi naye wamemlipa. Wenseslaus aliweka kipande chini. Aliondoka uani bila kuaga, akazunguka nyumba, akashika mgomba kwa mikono miwili na kutapika mpaka koo likamwaka.

"Afande," Gidioni aliita kutoka pembeni, akiwa bado na mfupa mkononi, na alikuwa anajaribu kwa moyo mwema kabisa. "Afande, mbuzi hana kesi. Mbuzi ni mbuzi tu."

"Nenda kwenye gari."

Nyuma ya nyumba, karibu na banda la ng'ombe, mwanamke mzee alikuwa amechuchumaa anasugua sufuria kubwa kwa majivu. Alimwona akitapika na hakuinuka. Alikuwa Theopista, mama wa Leonia. Wenseslaus alijifuta kwa leso, akamwamkia, naye aliitikia bila kuacha kusugua.

"Umekula," mwanamke alisema.

"Nimekula, mama. Sikujua."

"Mimi nilijua. Nimeipika." Alimimina maji, yakatoka meusi na matone ya mafuta, akamimina mengine. "Walinipa nichemshe. Nikatia chumvi. Mwanaume mmoja akaonja akasema chumvi haijakolea, nikaongeza. Tangu Jumapili nasugua sufuria hii. Haitoki harufu."

Wenseslaus alichuchumaa upande wa pili wa sufuria. Akashika ukingo wake ili isiyumbe, naye Theopista akaendelea kusugua.

"Mama Leonia," alisema mwishowe, "huyo mbuzi aliletwa lini?"

"Jumapili. Nilikuwa sijawasha moto. Kengele ya misa ya kwanza ilikuwa haijalia. Nikasikia mtu anabisha, nikatoka, ni Melkior. Ndiye aliyekuwa mshenga wa ndoa yao, anakuja hapa mara nyingi, sikushtuka. Ana mbuzi kwenye kamba. Nikamwuliza, mbuzi wa nini asubuhi hii? Akasema, niitie mzee. Wakazungumza wao wawili pale kwenye migomba. Mimi nikamfunga mbuzi, nikampa majani." Mkono wake ulisimama. "Nilimpa majani yule mbuzi, unasikia? Nikamsifu kwamba amenona. Halafu baba Leonia akaja akaniambia mtoto amekufa."

"Kabla ya misa."

"Nimekwambia kengele ilikuwa haijalia."

"Emilian ameandikisha kwamba alimkuta baada ya misa. Kwamba alfajiri alidhani yuko kanisani."

Theopista alimtazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na machozi. Alikuwa na uso wa mtu aliyeonja kitu kilichooza na bado yuko mbele ya wageni.

"Nilimwona kanisani," alisema polepole. "Alipita mbele yangu akitoka kupokea. Mikono ameifumba hivi."

Upande wa mbele wa nyumba walisikia wazee wakizungumza, na mmoja akikohoa. Wenseslaus alishusha sauti. Alimweleza kwamba bila mtu wa kuyasema hayo mahakamani, Emilian atazika mke, atavua msiba, ataoa mwingine. Alimweleza pia yale mengine, maana hakutaka kumdanganya. Mzee Januari amelipokea isale. Mke wake akienda polisi, ukoo utasema yeye ndiye aliyefukua. Likitokea balaa lolote katika nyumba hii, ng'ombe kuharibu mimba, mtoto kuumwa, litawekwa juu ya kichwa chake mpaka afe.

"Lililetwa kwa baba yake," Theopista alisema. "Mimi hakuna aliyeniletea. Hakuna aliyeniuliza kama naitaka hiyo amani yao. Na sikuonja. Chumvi nilitia bila kuonja, ndiyo maana haikukolea."

Aliinuka, magoti yakalia. Akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akajifunga khanga ya pili mabegani, akazunguka nyumba akaingia uani akiwa mbele ya Wenseslaus.

"Unakwenda wapi?" Januari aliuliza.

"Mjini. Na polisi."

"Mama Leonia. Nimepokea. Unajua nimepokea."

"Najua. Ulipokea kabla hujaniambia amekufa."

Melkior alisimama. "Mama, fikiri. Ukipanda gari ile, umefukua. Sisi hatutakuwapo."

"Mlikuwapo lini?" Theopista alimjibu. Kisha akamgeukia mumewe, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Chakula chako kiko jikoni. Nyama imebaki nyingi."

Kwenye Landrova alikaa mbele, kati ya Gidioni na Wenseslaus. Gidioni, aliyekuwa na maneno kwa kila mtu, aliendesha kama amebeba mayai.

Maelezo yake yalikuwa kurasa mbili. Alisomewa, akaweka dole gumba, akaomba maji ya kunywa. Siku iliyofuata Wenseslaus alimleta Melkior kituoni, akamkalisha, akamwuliza swali moja tu: alijuaje, kabla ya kengele, kwamba kuna kifo, ilhali mume mwenyewe hakujua mpaka baada ya misa? Alimweleza pia kwamba sheria ina jina kwa mtu anayemsaidia muuaji kuficha, na jina hilo lina kifungo chake.

Melkior alivua kofia, akaizungusha magotini. Hata hivyo hakuonekana kuona haya. Alionekana kama mtu anayesumbuliwa na mtoto asiyeelewa.

"Ubalozi ni kazi ya Chama," alisema. "Ushenga ni kazi ya ukoo. Jumapili nilikuwa mshenga. Kijana alinijia alfajiri, akasema, nimempiga, haamki. Mshenga afanye nini? Nilichuma jani. Jumatatu nikawa balozi, nikaja kwenu kuomba karatasi. Kazi zote mbili nimezifanya. Kosa langu liko wapi?"

"Majani kwenye nywele zake aliyaweka nani?"

Melkior aliacha kuizungusha kofia. "Mama mkwe wake," alisema. "Tulimwambia achane nywele kwanza, zilikuwa na damu."

Wenseslaus aliandika yote. Mbele yake alikaa mtu ambaye kwa miaka mingi angempa kiti chake kwenye basi. Alichoandika ndicho kilichomwangusha Emilian, kwa sababu mtu huyu alikuwa ameambiwa kwa mdomo, na hakuona sababu ya kukana jambo lililokwisha kusamehewa.

Emilian alikamatwa akiwa anapogoa kahawa. Hakukimbia. Kituoni, alipoambiwa Melkior amesema, alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akaanza kueleza kwa utaratibu, akitafuta macho ya Wenseslaus kila baada ya sentensi, akiwa na hakika kwamba ataeleweka.

"Nilirudi, nikakuta mtori umepoa. Nikamwambia aupashe. Akasema kuni zimelowa. Sasa afande, kuni zimelowa, hilo ni jibu la kumpa mtu? Nikachukua mchi. Sikukusudia. Alizoea, siku nyingine alikuwa ananyamaza, yanaisha. Siku hiyo aliinua mkono."

"Alijikinga."

"Aliinua mkono," Emilian alirudia, kwa namna ya mtu anayetaka neno lake liandikwe lilivyo.

"Na asubuhi yake ukapokea komunyo."

"Nisingepokea watu wangejiuliza."

Wenseslaus aliandika hilo pia. Baadaye alikwenda bombani nje, akanawa mikono, akanawa tena, akasimama pale na maji yakimwagika. Askari mmoja alimwuliza kama amegusa maiti. Akasema ndiyo, kwa kuwa jibu hilo lilikuwa fupi.

Kesi ilisikilizwa mwaka uliofuata. Tereza aliapa kwa rozari yake kuhusu kisusio, ingawa majibu ya Mkemia yalikuwa yamefika, na damu ilikuwa ya mtu. Theopista alisimama kizimbani kwa muda mrefu. Wakili wa mshtakiwa, mtu mwenye sauti nzuri, alimwuliza kama si kweli kwamba familia hizi mbili zimekwisha kupatana kwa mila yao, na kwamba mume wake, mkuu wa nyumba, alisamehe na kula.

"Alikula," Theopista alisema.

"Kwa hiyo familia ilisamehe."

"Familia ni nani? Mwenye kusamehewa ni Emilian. Mwenye kusamehe ni Leonia. Wewe umemwuliza?"

Wakili akakaa. Lakini hukumu ilipotoka, ilikuwa ya kuua bila kukusudia. Katika sababu za kupunguza adhabu jaji alitaja umri wa mshtakiwa, kwamba ni kosa lake la kwanza, na kwamba wazee wa pande zote mbili walikuwa wamepatana. Mkono uliovunjika zamani ukaungana vibaya haukutajwa kama kosa la kwanza wala la pili. Alipewa miaka sita. Wenseslaus, aliyekaa benchi la nyuma, alijikuta anafanya hesabu ambayo hakutaka kuifanya: mbuzi yule amekuwa na thamani ya miaka mingapi. Mate yakamjaa tena mdomoni. Aliyameza, kwa kuwa mahakamani hakuna mahali pa kutema.

Melkior alikuwa nje kwenye ngazi, na beji yake, anasalimiana na watu. Alimpa Wenseslaus mkono. Wenseslaus aliutazama ule mkono mpaka ukarudi ulikotoka.

Alimpandisha Theopista nyumbani mwenyewe, Gidioni akiendesha, jua likiwa bado juu. Pale Himo mama aliomba wasimame anunue chumvi. Walipofika njia panda ya kwake alisema, "Niache hapa. Ukiingia watakukaribisha."

"Mama, unao ndugu. Naweza kukupeleka kwao."

"Nyumba ile niliijenga na yeye. Niondoke mimi?" Alishuka, akafunga mlango wa gari kwa mikono miwili. "Miaka sita," alisema, bila kumwelekea mtu. "Mtoto mkubwa wa Leonia atakuwa darasa la tano."

Alipita kati ya migomba taratibu. Uani, Januari alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Kwa muda wote wa kesi wawili hao walikuwa wamekaa nyumba moja bila kuzungumza, kila mtu na sufuria yake. Bandani ng'ombe walikuwa wanalia kwa njaa, tangu asubuhi hakuna aliyewakatia kitu. Wenseslaus alikuwa ameshusha kioo, akamsikia mzee.

"Ng'ombe hawajala."

"Una mikono," Theopista alisema, akaingia ndani.

Gidioni alitaka kuwasha gari. Wenseslaus alimgusa bega ili asubiri. Ng'ombe waliendelea kulia. Baada ya kitambo walisikia panga likikata mgomba, pigo moja, kimya, pigo jingine, bila mpangilio, kama la mtu ambaye kazi hiyo hajawahi kuifanya.